Pembe, Fedha na Boriti

Seeb, Jumatatu 6 Novemba 2023

Shangazi amekubali. Alhamisi tutakwenda Bait Al Zubair. Alisita kwa sababu ya goti lake, akasema makumbusho ni ngazi tupu, mpaka binamu alipomhakikishia kuwa gari litafika hadi mlangoni na kwamba viti vya kukalia havikosi.

Nilikuwa nikiitaka siku hii tangu nilipopanga safari ya kuja kuuza kofia. Makumbusho haya ni ya ukoo, si ya serikali. Yalifunguliwa 1998 katika Muscat ya zamani, karibu na kasri ya Al Alam, na nyumba yake ya kwanza ilijengwa 1914. Mwaka huu yanatimiza miaka 25. Vitu vyote vilivyomo ni mkusanyo wa ukoo wa Zubair: majambia, mapambo ya fedha, bunduki, sarafu, nguo, madele ya kahawa, makasha. Mimi napenda makumbusho ya namna hii kuliko yale makubwa ya taifa. Ya taifa hukusanya kwa kamati. Ya ukoo hukusanya kwa mapenzi ya mtu mmoja aliyekiona kitu akashindwa kukiacha, na mapenzi hayo huonekana hata baada ya kitu kuwekwa nyuma ya kioo.

Shangazi ana umri wa miaka 68. Alizaliwa Unguja, akaondoka 1964, mwaka wa Mapinduzi, akiwa mtoto, akalelewa Mombasa, akafika Oman miaka ya sabini Sultani Qaboos alipowafungulia milango watu wa asili ya huku. Baba yangu ni kaka yake kwa baba, mama mbalimbali. Baba alibaki Unguja. Nataka nimsikie Shangazi akizungumza mbele ya vitu vile, kwa sababu nyumbani ukimuuliza mambo ya zamani hukujibu kwa ufupi kisha akakuuliza kama umekula.

Alhamisi 9 Novemba

Tumeshinda huko tangu asubuhi hadi adhuhuri. Naandika kabla ya kulala.

Ukumbi wa majambia ndio uliotuchelewesha. Ala ya jambia imepinda kama herufi ya J, imefunikwa nyuzi za fedha zilizofumwa kwa mkono, na mkanda una pete za fedha zinazoishika ala mahali pake. Pete hizo ndizo za kutazama kwanza. Jambia la kawaida lina pete nne. Lile linaloitwa la Saidi, la ukoo wa kifalme, lina saba, na husimuliwa kwamba mtindo wake ulibuniwa na Shahrzad, binti wa Kiajemi aliyeolewa na Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Unguja. Jambia limo katika bendera ya Oman, na mwaka jana UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Watu wanalitazama kama nembo. Mimi nilikuwa nautazama mpini.

Mpini ndio unaopandisha au kushusha bei. Siku hizi hutengenezwa kwa msandali, kwa mti mwingine mgumu au kwa plastiki. Zamani mpini wa heshima ulikuwa wa pembe ya kifaru, na baada yake pembe ya ndovu. Oman haina kifaru. Haina ndovu. Pembe zilipandishwa jahazini Bagamoyo, Kilwa, Mombasa na Unguja, zikaja na upepo wa kusi.

Shangazi alikaa kwenye kiti akiwa ameegemea mkongojo wake, akatazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti iliyomfanya kijana mmoja ageuke: "Babu yako alikuwa nalo. La pete nne. Mpini wake rangi ya asali, ukiuweka kwenye mwanga unapitisha." Hiyo ndiyo sifa ya pembe ya kifaru iliyoshikwa miaka mingi: inalainika kwa mafuta ya kiganja, na ukingo wake ukipigwa na mwanga unang'aa rangi ya kaharabu. Sikujua kuwa Babu alikuwa na jambia. Baba hakuwahi kulitaja.

"Liko wapi sasa, Shangazi?"

"Lilibaki ndani ya nyumba. Sisi tulitoka na kasha na nguo."

Hakuendelea, nami sikumsukuma.

Kwenye fedha, akachangamka. Kuna kila aina: mafurungu ya miguuni, mitali, bangili zenye miiba, vidani vizito, na vijumba vya hirizi ambavyo ndani yake huwekwa karatasi yenye aya. Shangazi anajua kila kimoja kinavaliwa wapi na katika shughuli gani. Furungu la bibi harusi, kasema, linatakiwa lisikike kabla bibi harusi hajaonekana, kwa hiyo fundi hutia vijiwe ndani kabla ya kuliziba. Alikuwa akieleza kwa Kiswahili, na nyuma yetu wakasimama kina mama wawili wa Kimuscati ambao sikudhani wanaelewa, mpaka mmoja akaongeza, kwa Kiswahili safi cha Mjini Unguja, kwamba kwao waliweka punje za mtama. Wakaanza kuulizana mitaa. Malindi, Vuga, Mkunazini. Nikawaacha.

Ijumaa 10 Novemba

Makumbusho hufungwa leo. Baada ya sala ya Ijumaa watu wamejaa nyumbani, wali wa sinia, papa mkavu, pilipili ya ndimu. Wajukuu wanajibu kwa Kiarabu wanapoulizwa kwa Kiswahili, lakini wanaelewa kila neno, hasa yale ya kukemewa.

Nilimwuliza Shangazi kuhusu riale. Jana tuliziona chungu nzima: riale za Maria Theresa, yule malkia wa Austria mwenye shela. Kila moja ina mwaka 1780, mwaka aliokufa, hata zile zilizopigwa karne moja baadaye, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa pwani yetu walikataa sarafu yenye sura nyingine. Moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha halisi ndani yake haifiki gramu 24. Waliiamini kwa sababu haikubadilika. Sonara aliitumia kama jiwe la mizani: bangili iliuzwa kwa uzito wa riale kadhaa, na mteja mwenyewe ndiye aliyeleta riale za kuyeyushwa, pamoja na ujira wa fundi.

Ndiyo kusema fedha ile nyuma ya kioo ni pesa. Ni riale zilizolipiwa karafuu, tende, pembe na watu, kisha zikatiwa kalibuni zikawa furungu.

Binamu, ambaye ni mhasibu, akaleta habari ya 1861. Sayyid Said alipokufa baharini mwaka 1856, akitoka Muscat kurudi Unguja, watoto wake waligombea. Thuwaini alikuwa na Muscat, Majid alikuwa na Unguja. Canning, gavana mkuu wa Waingereza India, akaamua kuzitenga dola mbili, na Unguja, iliyokuwa tajiri, ilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Tukapiga hesabu mezani kwa kalamu ya mtoto wa shule: ni zaidi ya tani moja ya sarafu kila mwaka. Binamu anaiona ni habari ya siasa. Kwangu ni habari ya mapambo pia. Kwa nini fundi wa Nizwa asiwe na fedha ya kufulia, ilhali karafuu ya Unguja na Pemba iligeuzwa riale ikapakiwa kwenda kaskazini?

Shangazi alisikiliza, akasema tuache hesabu, chai inapoa.

Jumamosi 11 Novemba

Nilirudi peke yangu kuziangalia kofia. Alhamisi nisingeweza, maana nikianza kazi yangu nasahau mtu aliyeko pembeni.

Wenyeji wanaivaa kofia kila siku, ofisini na sokoni, na wanaijua kama vazi la Oman. Sisi tunaijua kama kofia ya viua. Nimeishona tangu nina miaka kumi na mbili kwa mkono wa mama yangu, na naweza kusema kwa uhakika: mkono ulioshona zile kongwe kabatini ni mkono uliofundishwa kule kwetu, au na mtu aliyefundishwa na mtu wa kule. Kitambaa ni cha tabaka mbili. Kuna duara la juu na ukanda wa pembeni. Unatoboa tundu kwa sindano nene bila kukata uzi wa kitambaa, unausukuma tu kando, kisha unalizungushia tundu uzi mpaka liwe jicho gumu. Kati ya safu na safu unapitisha uzi wa pamba ndani ili ukanda usimame. Kofia moja nzuri hunichukua wiki nyingi, na macho huchoka kabla ya vidole.

Nilichokitafuta ni mahali ukanda unapoungana. Mshonaji mvivu huuficha mshono kwa ua kubwa. Mshonaji hodari huhesabu tangu mwanzo ili maua yakutane yenyewe, nusu kwa nusu. Moja ya zile kofia imekutana namna hiyo. Nilisimama pale muda mrefu, nikahesabu safu zake kwa kidole hewani. Kumi na moja. Nimezichora kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari hili, na nikirudi nitaishona.

Wanaonunua kofia zangu sokoni Mutrah wanalalamika bei, kwa kuwa za mashine zimejaa. Sina la kuwalaumu. Lakini mtu akivaa ya mashine siku ya kazi, na ya mkono siku ya harusi, bado anajua tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayonilisha.

Bustanini wametengeneza kijiji kidogo: mfereji wa falaji, kibanda cha makuti ya mtende, mashua. Niliketi kivulini. Kilichonishika ni dari za nyumba kongwe za mji huu. Chumba cha zamani hapa hakizidi mita tatu kwa upana hata mwenye nyumba awe tajiri, kama vile vyumba vya Mji Mkongwe na Lamu. Sababu ni moja: boriti. Mti wa mkoko hautoi gogo refu zaidi la kutegemewa. Nchi hii haina miti mingi ya kuezekea, kwa hiyo majahazi ya Sur yalikuja na kaskazi, yakapakia Rufiji na Lamu, yakarudi na kusi. Boriti ziliuzwa kwa korja, ishirini ishirini. Zina utomvu ambao mchwa hawaupendi, ndiyo maana nyingine bado zimeshikilia dari zaidi ya miaka mia. Yaani kipimo cha chumba cha kulala cha Muarabu wa Muscat kilikatwa na panga la mtu wa delta ya Rufiji, akiwa amezama matopeni hadi magotini, akiwahi kabla maji hayajajaa. Sijui makumbusho gani duniani yanaweza kukionyesha kitu hicho ndani ya kabati. Hakina sura. Ni upana tu.

Jumatatu 13 Novemba

Jana usiku tulikaribia kugombana, binamu na mimi.

Nilisema kwamba kila ninapoziona pembe nawafikiria waliozibeba. Akasema: "Dada, hayo yamepita, na si sote tuliouza watu." Kweli, si wote. Nikamwambia wapagazi wengi wa misafara ya Tabora walikuwa Wanyamwezi huru, wenye ujira na sifa ya kazi yao, na vijana wao walihesabiwa wanaume baada ya kufika pwani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili, zaidi ya kilo thelathini, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Lakini katika misafara hiyo hiyo walikuwamo waliofungwa. Waliobaki hai waliuzwa Unguja mpaka Sayyid Barghash alipofunga soko mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na wengine walipelekwa huku, kwenye mashamba ya mitende ya Batina, maili chache kutoka tulipokuwa tumekaa tukila halua. Wajukuu wao ni raia wa nchi hii. Wengine wanacheza ngoma ambazo mtu wa Mrima akizisikia anazitambua.

Binamu akauliza: sasa unataka nini, vitu vivunjwe?

Hapana. Nataka vitazamwe vizima. Jambia ni ufundi wa ajabu wa sonara wa Nizwa, na mpini wake ni mnyama aliyeuawa nyika za kwetu. Yote mawili ni kweli katika kitu kimoja, na mtu mzima anaweza kuyashika yote mawili bila kuzimia. Kenya ilikuwa na vifaru karibu 20,000 mwaka 1970. Kabla muongo wa themanini haujaisha hawakufika 400, na sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia katika mipini ya majambia ya Yemen na madawa ya Asia, ingawa biashara yake ya kimataifa ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1977. Jambia la Babu lilikuwa na kifaru ndani yake. Ningelipenda. Ningemvalisha mwanangu siku ya harusi. Na ningemweleza.

Shangazi alikuwa anatusikia akiwa chumbani. Asubuhi, nikimpaka mafuta goti, akasema kwamba nyumbani kwao Unguja alikuwako mama mmoja aliyewalea, aliyekuwa akiitwa kwa jina la utani tu. Mama huyo alizaliwa na mtu aliyenunuliwa. "Alinisuka nywele mpaka siku tuliyoondoka. Jina lake hasa silijui. Sikuuliza. Nilikuwa mtoto, halafu nikawa mtu mzima na bado sikuuliza."

Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Jumatano 15 Novemba

Mutrah. Nimeuza kofia zote isipokuwa mbili. Muuzaji wa fedha niliyemzoea alinionyesha kikapu kilichojaa mapambo yaliyopinda, yanayongoja kalibu. Ndivyo ilivyokuwa desturi hapa: mwanamke akifa, fedha yake iliyeyushwa, kwa kuwa bibi harusi mpya alitaka fedha mpya, si ya marehemu. Kwa hiyo mapambo mengi ya zamani sana hayapo kabisa, na yaliyopo makabatini ni ya watu waliokawia kuyeyusha, au ya mkusanyaji aliyefika dukani kabla ya moto. Sasa naielewa zaidi kazi ya ukoo ule. Miaka 25 ya milango wazi ilitanguliwa na miaka mingi ya kusema kwa sonara: hiki usikiyeyushe, nipe mimi.

Nilipomhadithia Shangazi kuhusu kile kikapu, alinyamaza, akatuma mjukuu alete ufunguo.

Ijumaa 17 Novemba

Kasha la njumu liko chumbani kwake, limefunikwa kanga mbili. Mbao za msaji, misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi, bati la shaba kwenye kitasa, saraka tatu chini. Moja ya saraka ni fupi kuliko nyingine, na nyuma yake kuna kijisanduku cha siri. Makasha ya aina hii mengi yalitengenezwa Bara Hindi yakauzwa pwani zote mbili, mengine yalitengenezwa Unguja na mafundi wa huko. Hili, Shangazi anasema, ni la Unguja. Baba yake alimwona fundi akipigilia misumari.

Ndani: mafurungu ya bibi yake, yenye mlio. Kipande cha kanga. Riale tatu, zimesuguka uso. Karatasi ya meli. Hakuna jambia.

Watoto wake wamegawanyika. Mmoja anataka kasha na fedha vipelekwe makumbusho, vihifadhiwe vizuri, mwingine anasema viuzwe wagawane. Leo baada ya chakula Shangazi aliwaita wote. Mafurungu hayayeyushwi na hayauzwi, yatavaliwa na mjukuu wake Salma atakapoolewa, na baada yake binti yake. Fedha isiyovaliwa, kasema, inasahau mguu. Kasha ataamua. Anaweza kulitoa, kwa sharti moja: liende na karatasi inayosema lilipotoka, nani alilitengeneza, nani alilibeba, nani alilala juu yake ndani ya jahazi kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kulala. Kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Bila karatasi, halitoki chumbani.

Kazi ya kuandika kanipa mimi.

Tumeanza saa kumi, tumeacha magharibi. Alitaja bandari, akataja nahodha kwa kabila lake tu, akataja mwezi wa safari kwa kukumbuka kwamba embe zilikuwa zinaisha. Yule mama aliyewalea ndiye aliyelifunga kasha kwa kamba na kulisindikiza hadi pwani, kwa hiyo lazima awemo kwenye karatasi, na kwa jina lake hasa. Shangazi anasisitiza hilo kuliko jina la fundi. Utani, anasema, hauandikwi.

Baba alikuwa na miaka kumi na tisa wakati ule. Kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda barazani Kikwajuni, nitampigia simu niongee naye kuhusu yule mama, na Shangazi amesema simu nimpe yeye kwanza.